Waghani wa Bahari ya Kati: Maswali Yenu kuhusu Muziki wa Malta

Toleo lililopita niliitaja Malta kwa sentensi mbili tu, nikijua zitapita kimyakimya. Hazikupita. Maswali yaliyokuja yanatosha kitabu. Nimechagua yale yaliyonikuna, na mengine nimeyaunganisha kwa kuwa yalikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwalimu, shikamoo. Hiyo Malta ina ukubwa gani hata iwe na muziki wa kuandikiwa kurasa nzima?

Marahaba. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake ingeimeza karibu mara tano. Watu wake ni nusu milioni na ushei, wametapakaa kati ya kisiwa cha Malta chenyewe na kisiwa kidogo cha Gozo. Lakini pima mahali ilipo: kusini kidogo ya Sicily, njiani mwa kila jahazi na kila manowari iliyopita Bahari ya Kati. Waarabu walikaa, Wanormani wakaja, halafu wakuu wa shirika la Mtakatifu Yohana, Wafaransa kwa miaka michache, na mwishowe Waingereza hadi mwaka 1964. Wewe uliyezaliwa pwani unajua mahali pa namna hiyo panavyoimba.

Nianze na wimbo gani?

Usianze na wimbo, anza na neno. Muziki wa jadi wa Malta unaitwa *għana*. Hiyo *għ* haitamkwi, inairefusha tu irabu inayofuata, kwa hiyo mdomoni husikika kama "aana". Sasa litazame tena neno hilo kwa jicho la Mswahili. Sisi tuna *kughani*. Mama wa maneno haya mawili ni mmoja, Kiarabu, ila mmoja wa watoto alilelewa kwenye visiwa vya Wakatoliki na mwingine huku kwetu.

Onyo dogo kwa watakaotafuta mtandaoni: andika herufi hiyo *ħ* yenye mstari. Ukiandika kizembe utaletewa magitaa ya Accra. Matamu pia, ila si tuliyoyafuata.

Hiyo għana inaimbwaje hasa?

Hapa niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo penye utamu.

Ziko aina tatu kuu. Ya kwanza ni *spirtu pront*, na kwa tafsiri yangu ni malumbano. Kwa kawaida waghani huwa wanne. Wa kwanza anajibizana na wa tatu, wa pili anajibizana na wa nne, kwa zamu, muda wa saa nzima au zaidi. Hakuna aliyeandika kitu nyumbani, kila ubeti unatungwa papo hapo. Ubeti una mistari minne yenye mizani 8, 7, 8, 7, na kina kinagonga mstari wa pili na wa nne. Utenzi wetu una vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kinabeba bahari. Mkimbizane mpendavyo juu ya ipi ngumu zaidi. Mimi naona yao ina ugumu wa wakati, yetu ina ugumu wa vina.

Nyuma ya waghani kuna magitaa, aghalabu matatu. Upigaji wa lile la mbele unaitwa *prejjem*. Hilo ndilo linalofungua shughuli, na kati ya ubeti na ubeti ndilo linalojitapa peke yake huku mghani akitafuta jibu. Mengine mawili yanashikilia mapigo. Sikiliza vizuri utamwona mpiga prejjem anavyomwongezea muda mghani aliyebanwa.

Maneno yao ni ya kuchoma kwa kifumbo. Anayetukana waziwazi ameshindwa. Wapenzi wa mipasho hapo mmeelewa bila maelezo zaidi.

Aina ya pili ni *tal-fatt*, yaani "ya tukio". Mtu mmoja anasimulia kisa mwanzo hadi mwisho: mauaji, ajali, meli iliyozama, mtu maarufu wa kijijini. Ni gazeti la wasiosoma gazeti. Ya tatu ni *bormliża*, iliyopewa jina la mji wa Bormla. Sauti hupandishwa juu sana na silabi moja huvutwa mpaka unajiuliza mwimbaji atapumua saa ngapi. Zamani ilikuwa ya wanawake walipokuwa wakifua nguo kwenye chemchemi. Leo utawasikia zaidi wanaume wakiiimba kwa sauti hiyo hiyo ya juu, na ukifumba macho utashangaa ukiyafumbua.

Ukitaka jina moja la kuanzia, ni Frans Baldacchino, aliyejulikana kama Il-Budaj. Alifariki mwaka 2006. Kila mghani ana lakabu yake, kama manju wa kwetu.

Nimesikia UNESCO imeitambua. Basi Wamalta wanaiheshimu sana?

Imeingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2021, kweli. Heshima ni habari nyingine. Kwa miaka mingi watu wa mjini waliiona għana kuwa kelele za walevi wa baa za vijijini, hasa kusini ya kisiwa. Mtu mstaarabu alitakiwa kupenda opera ya Kiitaliano. Kimalta chenyewe hakikuwa lugha rasmi hadi mwaka 1934, kwa hiyo aliyeimba Kimalta aliimba lugha ya jikoni. Ukilishika jambo hilo, mengine yote ya muziki wa nchi hii yatakufungukia, pamoja na ya Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, nitakayoyaeleza punde.

Kama lugha yao ni ya Kiarabu, je, ni Waislamu? Na mimi nitaelewa chochote?

Ni Wakatoliki, na wazito. Ila Mungu wanamwita *Alla*, na Kwaresima wanaiita *Randan*, neno lililotoka kwenye Ramadhani. Utadaka neno moja moja: *baħar*, *dinja*, *ktieb*, *siegħa*, *mewt*. Hayo nawaachia wenyewe. Sentensi nzima hutaipata, kwa kuwa nusu ya msamiati wao wameichota Sicily na Italia. Anza kwa kusikiliza bila kutafuta maana, ndivyo babu zetu walivyosikiliza nyimbo za Misri.

Kaka, mbona kwenye Eurovision wanaimba Kiingereza tu?

Kwa sababu walijaribu Kimalta wakaumia. Mwaka 1971 Joe Grech aliwakilisha nchi kwa mara ya kwanza na "Marija l-Maltija". Akashika mkia. Mwaka uliofuata Helen na Joseph wakaimba "L-imħabba". Mkia tena. Walirudi mara moja tu, mwaka 1975, kwa Kiingereza, kisha wakakaa nje mpaka 1991.

Waliporudi walikuwa na karata nzuri mkononi. Sheria ya shindano wakati ule ilimlazimisha kila mmoja kuimba kwa lugha ya nchi yake, na Kiingereza ni lugha rasmi ya Malta. Wenzao wakahangaika na lugha zisizoeleweka ng'ambo, wao wakaimba Kiingereza kihalali. Kuanzia 1991 hadi 1998 hawakutoka nje ya kumi bora hata mwaka mmoja. Mary Spiteri alishika nafasi ya tatu mwaka 1992, Chiara vilevile mwaka 1998. Mwaka 1999 sheria ikaondolewa, kila mtu akakimbilia Kiingereza, na ile karata ikapungua thamani. Hata hivyo Ira Losco alikuwa wa pili mwaka 2002 na Chiara akawa wa pili mwaka 2005. Ushindi wenyewe haujawahi kuja, isipokuwa katika shindano la watoto: Gaia Cauchi mwaka 2013, na Destiny Chukunyere mwaka 2015. Destiny, ambaye baba yake ni mwanasoka kutoka Nigeria, alirudi ukubwani mwaka 2021 akawa wa saba. Ile sauti haina haja ya utangulizi wangu.

Sasa kuna kisa kinachochekesha na kuuma kwa pamoja. Mwaka 2025 Miriana Conte alichaguliwa kwa wimbo ulioitwa "Kant". Kwa Kimalta *kant* ni uimbaji. Kwa masikio ya Mwingereza ni tusi zito, na mchezo huo wa maneno ulikuwa wazi kwa kila mtu. Waandaaji wakaagiza ubadilishwe. Ukaitwa "Serving", ukamaliza nafasi ya 17. Baada ya nusu karne hivi, neno la Kimalta lilikuwa limerudi kwenye jina la wimbo wa Malta, na ndilo lililofutwa.

Babu yangu alikuwa mpiga tarumbeta. Kuna bendi za matarumbeta huko?

Karibu kila mji una yake, na miji mingi ina mbili zisizoongea. Zina nyumba zao, *każin tal-banda*, penye baa chini na picha za wapiga muziki waliotangulia ukutani. Sikukuu ya mtakatifu wa parokia ikifika majira ya joto, bendi zinaingia barabarani, na hapo mshabiki wa upande huu hampi mkono wa upande ule. Valletta, mji mkuu, kuna King's Own na La Valette. Waliosoma habari za beni za pwani, Marini na Arinoti, au Kingi na Skochi za Mombasa, watacheka peke yao: shaba ile ile, ushindani ule ule.

Gozo wamepitiliza. Katika mji mmoja, Victoria, barabara moja ina nyumba mbili za opera, Astra na Aurora, kila moja ikiwa chini ya bendi yake. Kila Oktoba kila moja huandaa opera kamili, katika kisiwa chenye wakazi wasiofika elfu hamsini. Kiuchumi ni wazimu. Kimuziki naona wivu.

Jazi je?

Fuata mabaharia. Manowari za Uingereza zilipotia nanga, askari walipanda Strait Street, kichochoro chembamba cha Valletta kilichojaa baa na kumbi, na Wamalta waliosoma nota kwenye bendi za parokia ndio waliowapigia jazi usiku. Kambi ya Waingereza ilifungwa 31 Machi 1979, na kichochoro kikazimika kwa miaka mingi.

Vijana wao wanasikiliza nini? Binti yangu hataki magitaa ya wazee.

Mpe The Travellers, bendi inayoimba Kimalta chepesi cha kuchezeka, na Aidan na wimbo wake "Naħseb Fik". Akikua kidogo mpe Brikkuni. Kwangu mimi hii ndiyo bendi kubwa ya Malta ya karne hii. Mwimbaji wake ni Mario Vella, na albamu ya kwanza ni "Kuntrabanda!". Jina hilo lina magendo na bendi ndani ya neno moja. Roki imechanganywa na kodiani na shaba za sherehe za parokia, huku maneno yakiwachana wanafiki wa mtaani kwa Kimalta cha mtaani. Ni spirtu pront ambayo mpinzani wake ni nchi nzima. Hata vijana wa kufokafoka, kama Kapitlu Tlettax, wamekamata uzi huo huo wa kumchoma mtu kwa vina.

Na roki nzito ya kunguruma?

Ipo, Beheaded wananguruma tangu mwaka 1991. Sikilizeni nikiwa mbali.

Dada mmoja wa Mombasa ameuliza: santuri za zamani zinapatikana?

Zinapatikana, na historia yake itakugusa. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Miaka mitatu minne baadaye, 1931 na 1932, waimbaji wa Malta nao walivuka bahari kwenda Tunis na Milano kurekodi santuri zao za kwanza, kwa kuwa kisiwani hapakuwa na studio. Zikasahauliwa kwenye madari ya nyumba. Mpiga gitaa Andrew Alamango, aliyekuwa pia katika kundi la Etnika lililofufua ala za zamani kama zumari la mfuko wa ngozi liitwalo *żaqq*, alizitafuta moja moja, zikatolewa upya mwaka 2010 kwa jina "Malta's Lost Voices". Nunua hiyo kabla ya chochote nilichokitaja. Kuna kukwaruza kwa sindano, kuna sauti zinazopasuka, na kuna watu wanaoimba lugha ya jikoni kwa fahari miaka kabla ya serikali kuitambua.

Nikienda mwenyewe, niende lini?

Nenda mwisho wa Juni. Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 ni sikukuu ya L-Imnarja kwenye bustani za Buskett, karibu na Rabat. Watu wanakula sungura, wanakunywa mvinyo, na waghani wanaimba. Kuingia wala hakuhitaji kujuana na mtu. Kaa karibu na magitaa.