Nyati Aliyejeruhiwa Humalizwa. Mgonjwa Je?

Swali la kama mgonjwa asiyepona ana haki ya kuchagua namna ya kufa, sisi wa Elimu tunakutana nalo kwenye kozi ya falsafa. Tunalijadili nusu saa, tunataja Uholanzi, ambako sheria ya kumruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa ilianza kutumika mwaka 2002, halafu tunaenda kula. Hapa nataka kulipeleka kwa watu wanaokutana na kifo kazini, yaani wawindaji, na hasa wa upande wa kwetu. Mimi natoka Endamarariek, wilaya ya Karatu. Ukiteremka kuelekea Ziwa Eyasi unafika kwa Wahadzabe, ambao baadhi yao hadi leo wanaishi kwa upinde, asali, mizizi na ubuyu.

Nianze na mwindaji mgeni, maana ndiye anayetajwa zaidi darasani. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki kuwinda mwishoni mwa 1933, akafika mpaka Mto wa Mbu na Ziwa Manyara. Akaugua kuhara damu, na Januari 1934 akabebwa kwa ndege kwenda kutibiwa Nairobi. Mwaka 1936 akatoa hadithi yake ya "The Snows of Kilimanjaro". Humo mwindaji aitwaye Harry amelala kambini porini, mguu unaoza kwa sababu ya mwiba uliomkwaruza na hakupaka dawa mapema. Wanasubiri ndege. Harry anajua kwamba anakufa, na anataka kulizungumza. Mkewe anampenda kweli, lakini kila mara anamkatiza: asiseme hivyo, atapona. Basi mtu anakufa mke yuko pembeni, na bado yuko peke yake. Mwalimu akitaka kufundisha hadithi hiyo, nadhani somo liko hapo kuliko kwenye theluji ya mlimani.

Wapo wenzangu wanaoongeza kwamba Hemingway mwenyewe alijiua Julai 1961, kwa hiyo "mwindaji alichagua". Hapo sikubaliani nao kabisa. Alikuwa ametoka hospitali siku chache tu kabla, akitibiwa sonona kali, na baba yake naye alijiua mwaka 1928. Mtu aliyebanwa na ugonjwa wa namna hiyo hachagui, anasukumwa, na ugonjwa huo una tiba. (Kama unayesoma unajiona uko huko sasa, mwambie rafiki au mshauri wa wanafunzi leo hii. Usingoje UE ziishe.)

Sasa tuje kwa Wahadzabe. James Woodburn, mtafiti Mwingereza aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1982 akilinganisha kifo katika jamii nne za wawindaji wa Afrika: Wahadzabe, Wambuti wa Kongo, Wabaka wa Kameruni na Wakung wa Kalahari. Aliona kwamba kwa wote mazishi ni mafupi, na hakuna urithi mkubwa wa kugombaniwa. Kwa Wahadzabe, ugonjwa au kifo ni sababu ya kutosha kuhamisha kambi. Sisi Wairaqw, wenye mashamba, ng'ombe na kesi za mipaka, kifo kwetu ni kikao kirefu. Wao kila mtu anajua kinachoendelea, maana kambi ni ndogo na hakuna ukuta wa kumfichia mgonjwa siri. Sisemi maisha yao ni mepesi. Anayeumwa porini mbali na zahanati anaumia vibaya. Ila ukweli haumpiti.

Hili nililielewa kwa Aako, babu yangu mzaa baba. Ujana wake aliwinda, na sumu ya mishale aliipata kwa Wahadzabe kwa kubadilishana na mahindi. Mwaka juzi akashindwa kumeza ugali, baadaye hata uji. Hospitali moja ikamwambia baba mdogo kuwa ni kansa ya koo na imeshasambaa. Yeye hakuambiwa. Nyumba nzima tukaanza kuimba wimbo mmoja, "utapona tu, Aako", mpaka siku aliyoniita.

"Wewe unasomea ualimu. Niambie, nimepigwa mshale?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Aako."

"Wa sumu?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Akanieleza kwamba mnyama aliyepigwa mshale wa sumu hakimbizwi. Ukimkimbiza anakwenda kufia mbali. Unakaa chini, unavuta tumbaku, kisha unafuata nyayo polepole. Alimaanisha tuache kumpandisha magari ya kwenda mjini. Hilo tulilipokea, ingawa shangazi alilia sana.

Lakini wiki mbili baadaye maumivu yakapanda, akauliza lingine: "Nyati akijeruhiwa unammaliza. Ni aibu kumwacha. Mbona mimi mnaniacha?"

Kwa sheria yetu jibu liko wazi. Kanuni ya Adhabu inasema anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha, na kuharakisha kifo cha mtu ambaye tayari anakufa kwa ugonjwa kunahesabika kuwa umemuua. Kuacha matibabu yasiyoponya, kama alivyofanya Aako, ni jambo tofauti kabisa na hilo, na wengi tunavichanganya. Ila kumsomea mzee kifungu cha sheria saa nane za usiku akiwa anauma blanketi, jamani, hilo siyo jibu.

Jibu lilikuja na muuguzi wa tiba shufaa, na chupa ya mofini ya maji. Dawa hii hunywewa kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Baba mdogo aliogopa kwamba itamfanya mzee teja au itamuua haraka. Muuguzi akamweleza kwamba ikitolewa kwa kipimo kinacholingana na maumivu haifanyi hivyo. Uganda, ambako Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache.

Siku ya tatu Aako hakuuliza tena habari za nyati. Aliomba kitanda kitolewe nje, mchana akae chini ya mti. Wapo wagonjwa ambao hata mofini haiwatoshi, na kwao swali lake bado lipo, sitaki kujifanya nimelimaliza. Ninachobisha ni kuanza na mjadala wa Uholanzi kabla ya kuuliza kama chupa imefika Endamarariek. Aliyeomba kufa siku ile na aliyeomba kivuli siku tatu baadaye ni mzee yuleyule.

Aliishi wiki tano zaidi. Alimpatanisha baba mdogo na jirani kuhusu mpaka, akasema upinde apewe binamu yangu wa kike, jambo lililozua maneno. Alikufa asubuhi, wakati ng'ombe wanatolewa. Baada ya mazishi muuguzi alirudi kuchukua mofini iliyobaki. Akaipima, akaandika kiasi kwenye daftari, shangazi akasaini.