Moshi wa Jikoni na Moyo wa Mama

Leo tuache kidogo habari za mbegu na mbolea, tuingie jikoni. Inua macho utazame juu. Mapaa ni meusi, na utando wa buibui umejaa masizi. Masizi hayo yametoka katika mafiga matatu yaliyo chini yake. Basi jiulize: ikiwa mapaa yamekuwa hivi, kifua cha mama apikaye hapo asubuhi na jioni kimekuwaje?

Wengi twajua ya kuwa moshi huumiza macho na kuleta kikohozi. Wachache wajua ya kuwa hudhuru moyo pia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 ulimwenguni walikufa kwa sababu ya moshi wa nyumbani. Katika kila 100 waliokufa hivyo, 32 waliuawa na ugonjwa wa moyo, na 23 na kiharusi. Ndiyo kusema zaidi ya nusu walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Moshi hufikaje moyoni?

Katika moshi mna chembe ndogo mno. Ukichukua unywele mmoja, chembe hizo ni nyembamba kuliko huo mara 30 hivi. Pua haiwezi kuzizuia. Hushuka hadi ndani ya mapafu, na zilizo ndogo kabisa hupenya katika damu. Mishipa hudhurika na kukakamaa, na mafuta hushika katika kuta zake, kama mfereji wa shamba unaojaa matope. Presha hupanda, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Tena mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyoonekana wala kunuka. Hiyo huinyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu. Makaa huitoa kwa wingi hata pasipo moshi. Kwa hiyo usiingize kamwe jiko la makaa katika chumba mnacholala.

Yafaa kufanya nini?

1. Kausha kuni. Zipasue ndogo, uzipange mahali pasiponyeshewa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.

2. Toa moshi nje. Toboa dirisha linaloelekeana na mlango. Jiko lenye bomba la moshi ni bora zaidi, mradi bomba lisafishwe.

3. Punguza saa za moto. Loweka maharagwe na mahindi makavu usiku kucha, na ufunike sufuria.

4. Mtoto mchanga, mama mja mzito, na mzee mwenye presha wasikae karibu na moto.

5. Badili kuni ukiweza. Jiko lililoboreshwa huokoa kuni, lakini halimalizi moshi. Gesi na umeme ni safi zaidi. Mkulima mwenye ng'ombe wawili au watatu wa kufugiwa zizini aweza kujenga mtambo wa gesi ya samadi. Samadi huchanganywa na maji, gesi huenda jikoni, na tope linalobaki ni mbolea nzuri ya migomba na majani ya ng'ombe. Kuujenga kwahitaji fedha. Basi anza kuweka akiba.

Moshi si chanzo pekee cha ugonjwa wa moyo; chumvi nyingi na tumbaku zimo pia. Mtu akibanwa na kifua, au akihema kwa kazi ndogo, au miguu ikivimba, apelekwe hospitali upesi.

Sasa neno kwa akina baba, maana mara nyingi fedha ziko mikononi mwetu. Mimi mwenyewe nilimwaga saruji katika zizi la ng'ombe kabla sijatoboa dirisha katika jiko la mama yangu. Siku alipopimwa akaonekana ana presha, muuguzi alimwuliza apikia nini, na jiko lake likoje. Mama alijibu, nami nilitazama chini kwa haya. Jumamosi ile nilishika nyundo.

Jaribio la nyumbani

Tundika kitambaa cheupe jikoni kwa siku 7, kisha ukitazame pamoja na watoto. Halafu jibuni: Kuni zetu ni kavu? Moshi watokea wapi? Nani huuvuta zaidi katika nyumba hii, na tutamfanyia nini kabla ya mwezi kwisha?