Kompyuta ya gemu kwa laki tisa: anza na boksi, usianze na kadi

Leo tuongelee mteja ambaye wengi wetu wenye maduka ya vifaa vya simu na steshenari tunamkwepa. Anakuja anasema, "Niletee kompyuta ya kuchezea gemu nyumbani, ila hela ndogo." Wengine wanamkataa. Wengine wanachukua hela, wanakwenda Kariakoo kichwa kichwa, wanarudi na mashine inayowaka vizuri lakini gemu haichezi. Hapo unapoteza mteja, na mtaani utasemwa.

Mimi sijasomea kompyuta chuoni. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kuuza chaja na flash hapa Kilindoni, mashine nikajifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga. Kwa hiyo naeleza kiduka duka, kila mtu aelewe.

Sisi wa Mafia tuna sheria moja kubwa: kila kitu kijulikane kabla boti haijaondoka Nyamisati. Mwenzako wa Mbagala akikuta kifaa kibovu anapanda daladala anakirudisha. Wewe ni boti, basi, kulala, na duka limefungwa siku zote hizo. Faida yote ya kazi imekwisha njiani. Ndiyo maana hatuchagui kwa macho, tunachagua kwa hesabu.

*HATUA YA 1: Uliza gemu na TV kabla ya kushika hela*

Nina mteja, kaka mmoja anayefanya kazi kwenye boti za kupeleka wageni kuogelea na papa potwe. Kazi yenyewe ya msimu, kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Alikuja na laki tisa.

"Mdogo wangu, hii ndiyo hela ya msimu. Ikipotea hii, sina nyingine mpaka papa warudi."

"Kaka, kabla sijaishika niambie mnataka kucheza gemu gani, na nyumbani kuna TV gani."

Akasema GTA V na EA Sports FC 24, na TV anayo, ina tundu la HDMI. Jibu hilo tu limeokoa hela ya kioo, na limeniambia nitafute mashine ya nguvu gani.

Kila gemu ina mahitaji yake yaliyoandikwa na waliolitengeneza. GTA V ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015, na prosesa wanayoipendekeza ni i5-3470 na ramu GB 8. Hiyo mashine ya zamani inaibeba. FC 24 ni nzito zaidi: kiwango cha chini ni prosesa i5-6600K, ramu GB 8, kadi ya picha GTX 1050 Ti yenye GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kwa hiyo gemu nzito kuliko zote ndiyo inayopanga mashine. Nyepesi zitafuata zenyewe.

*HATUA YA 2: Chagua boksi*

Kwa bajeti hii usihangaike na vifaa vipya. Tafuta kompyuta za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na wenzake. Ni mashine ngumu, zimetengenezwa kufanya kazi kutwa. Lakini angalia mambo matatu:

1. Umbo. Chukua ile ndefu ya kusimama. Ile nyembamba inakubali kadi fupi tu, na kadi fupi ni adimu. Vile vidogo kabisa vya kushika mkono mmoja havina hata sehemu ya kuchomeka kadi. Vinapendeza mezani, ila kwa gemu achana navyo.

2. Kizazi cha prosesa. Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Muuzaji akikwambia "hii ni i5" tu, bado hajakwambia kitu. Kizazi cha 4 kinatumia ramu ya DDR3, cha 8 kinatumia DDR4, na hizo haziingiliani. Pia Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Ukipata cha 8 ndani ya bajeti, chukua. Usipopata, mwambie mteja mapema, asije kusikia kwa jirani.

3. Pawa saplai. Hapa ndipo wengi wananaswa. Mashine nyingi za ofisi zina pawa saplai ndogo, na plagi yake siyo ya kawaida. Kompyuta ya kawaida plagi kubwa ya madabodi ina pini 24. Dell OptiPlex 9020 ina pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6. Maana yake huwezi kununua pawa saplai yoyote ukachomeka. Chukulia kwamba utabaki na ile ile iliyokuja nayo.

*HATUA YA 3: Sasa kadi*

Umeona kwa nini nimesema boksi kwanza? Pawa saplai ya ofisi mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi inabidi ile umeme kupitia pale ilipochomekwa tu, na pale mwisho ni wati 75. Kwa hiyo tafuta kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na tundu la waya wa ziada. GTX 1050 Ti ni wati 75. GTX 750 Ti ni wati 60, ila nguvu yake ni ndogo. GTX 1650 nayo ni wati 75, lakini baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya, kwa hiyo igeuze uitazame kwa macho.

Mtego mkubwa ni GB. Muuzaji atakuonyesha GT 730 yenye GB 4, bei rahisi, atasema "zote ni GB 4 bosi." GB ni ukubwa wa ghala tu. Angalia na upana wa mlango. GT 730 ya DDR3 yenye njia ya biti 64 inapitisha GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1050 Ti inapitisha GB 112. Ghala sawa, mlango karibu mara nane. Ile ya kwanza itaonyesha filamu vizuri, FC 24 itakwama kwama kama boti iliyoishiwa mafuta.

Na kuna kadi feki. Wanachukua chipu ya zamani, wanaiandika jina la 1050 Ti, hata Windows inadanganyika. Programu ya bure inaitwa GPU-Z, tangu 2018 ina uwezo wa kuzitambua nyingi kati ya hizo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Weka kwenye flash, tembea nayo.

*HATUA YA 4: Ramu na diski*

Ramu weka vijiti viwili vinavyofanana, mfano GB 8 na GB 8, siyo kimoja cha 16. Vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba na mashine inakuwa nyepesi. Diski weka SSD ya GB 500 hivi. Gemu moja tu ni GB 100, ya GB 128 haikutoshi.

Na hizo GB 100 usizishushe kwa bando huku kisiwani, utalia. Mteja anunue gemu halali kwa akaunti yake, ishushwe Dar kwenye waifai kabla ya safari.

*MGAWANYO WA LAKI TISA*

Hivi ndivyo vikomo nilivyojiwekea kwa yule kaka. Siyo bei za soko, ni mwisho wa kutoa kwa kila kitu:

Boksi la i5 kizazi cha 6 lenye ramu GB 8: 380,000
Kadi: 250,000
SSD na kijiti cha pili cha ramu: 110,000
Stebilaiza: 80,000
Akiba (waya, betri ya madabodi, mzigo): 30,000
Ujira wangu: 50,000

Ujira niliuandika wazi akauona. Usifiche faida ndani ya bei ya kifaa, maana siku akiuliza bei Dar utaonekana mwizi hata kama hukuiba.

Prosesa tuliyopata ni i5-6500. Iko chini kidogo ya ile i5-6600K, na kadi iko kwenye kiwango cha chini. Nikamwambia kwa simu nikiwa bado dukani: "Kaka, GTA V haina shida. FC 24 itacheza, ila tutashusha ubora wa picha. Nichukue, nisichukue?" Akasema chukua. Hela ni yake, uamuzi uwe wake.

*HATUA YA 5: Jaribu kabla ya kulipa*

Ukiwa dukani fanya hivi bila aibu:
- Washa, tazama jina la prosesa na ramu vinasomeka.
- Fungua GPU-Z, soma jina la kadi.
- Fungua CrystalDiskInfo, soma afya ya SSD.
- Ipe mzigo nusu saa, gemu au programu ya kupima kadi. Sikiliza feni, nusa harufu, angalia kama inazima.
- Chomeka kitu kwenye kila tundu la USB.
- Chukua risiti yenye namba ya kifaa na siku za kurudisha.

Muuzaji akikataa kupima, muage kwa heshima. Maduka ni mengi.

*NJIANI NA NYUMBANI*

Chomoa kadi, ifunge peke yake, ibebe mkononi. Boksi lizungushie nailoni mbili, maji ya chumvi yakiingia kwenye madabodi huna kesi. Nyumbani usiliweke kwenye dirisha linalotazama bahari, na mwambie mteja apulize vumbi kila baada ya miezi michache. Umeme ukipanda na kushuka, stebilaiza ndiyo inayopokea kipigo badala ya kadi.

La mwisho: waya wa HDMI unachomekwa kwenye kadi, siyo kwenye madabodi. Ukichomeka kwenye madabodi, kadi uliyoihangaikia inakaa bure na mteja atakupigia usiku kwamba umemuuzia kitu kibovu. Mwonyeshe kwa kidole kabla hujatoka kwake.

Kazi hii haikutajirishi kwa mashine moja. Lakini mtu aliyekupa hela ya msimu mzima na ikafanya kazi aliyoitaka, mwakani anarudi, na anakuja na mwenzake. Mtumie somo hili mwenzako anayejiandaa kwenda Kariakoo wiki hii. Kazi njema wadau.