Kuchoma Mboga na Matunda Nyumbani

Kutoka Mombasa mpaka Kisumu hakuna asiyejua harufu ya hindi linalochomwa kando ya barabara, wala ladha yake likisuguliwa kwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Walakini nyumbani mambo ni mengine. Jiko likiwashwa kwa ajili ya kuchoma, nyama ndiyo huwekwa juu yake, nazo mboga hutiwa sufuriani zikachemshwa mpaka zikapondeka, kisha maji yake yakamwagwa. Desturi hiyo ina hasara, kwa maana vitamini C huyeyuka katika maji, na maji yakimwagwa huenda pamoja nayo. Ni kweli kwamba joto la makaa pia huharibu sehemu ya vitamini hiyo. Lakini mboga iliyochomwa upesi haina maji ya kumwagwa.

Jambo kubwa ni moto. Mpishi mwenye haraka huweka chakula wavuni wakati makaa yangali yanatoa ndimi za moto na moshi, basi nje huungua na ndani hubaki pabichi. Hapana budi kungoja mpaka makaa yote yashike na kufunikwa na jivu jembamba jeupe. Kisha makaa yasogezwe yajae upande mmoja wa jiko, ili upande wa pili uwe na joto la polepole. Kupima si kazi: kiganja cha mkono kishikwe juu ya wavu, kiasi cha shubiri moja. Kama mkono hauvumilii zaidi ya sekunde mbili au tatu, moto ni mkali, nao wafaa vitu vyembamba vyenye maji mengi, kama vipande vya nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Mkono ukivumilia sekunde tano au sita, hapo ni mahali pa viazi vitamu, mihogo na ndizi. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya kuzuia mchwa zisitumiwe kamwe, wala plastiki isitumiwe kuwashia, kwa kuwa moshi wake una sumu, nao hugusa chakula.

Hindi hupimwa kwa ukucha. Punje ikitoa maji maangavu, bado ni changa. Ikitoa maziwa, hindi ni laini na tamu. Ikiwa nzito kama ugali, litafaa wale wapendao kutafuna. Sukari iliyomo huanza kugeuka kuwa wanga mara tu hindi linapovunjwa shambani, na ndiyo sababu hindi la jana halina utamu wa hindi la leo, hata mchomaji awe hodari namna gani.

Kiazi kitamu kina tabia kinyume cha hiyo. Wanga wake hugeuka kuwa sukari kikiwa motoni, hasa joto la ndani linapokuwa kati ya digrii 60 na 80 hivi za sentigredi. Kikipashwa moto upesi mno, hupita kiwango hicho kabla kazi haijakwisha. Kwa hiyo kichomwe kizima, na ganda lake, pembeni mwa makaa, kikigeuzwa mara kwa mara, karibu saa nzima kama ni kinene. Viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa huupa mwili vitamini A, inayolinda macho ya watoto, na mwili huipokea vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta kidogo.

Biringanya nalo huchomwa zima, likatobolewa kwanza kwa uma lisipasuke. Ganda likisha kuwa jeusi na tunda lenyewe likalegea, humenywa, hupondwa na kuchanganywa na kitunguu, nyanya, chumvi na ndimu. Wapishi wengi wa Kihindi hulipika hivi, na mtu asiyependa biringanya la kuchemsha huenda akalipenda hili. Sehemu za chakula zilizogeuka kuwa mkaa ni afadhali kuondolewa kabla ya kula.

Muhogo wahitaji tahadhari. Ule mtamu, ambao watu wa Pwani huuchoma na kuula kwa pilipili na ndimu, humenywa kwanza, kwa kuwa ganda ndilo lenye sumu nyingi. Muhogo mchungu ni jambo jingine kabisa. Sumu yake ya sianidi haiondolewi na makaa. Wataka kulowekwa, kuchachuliwa na kukaushwa kwa njia wazijuazo wenye kuulima. Asiyejua mbegu ya muhogo aliyoinunua asiuchome.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo katika chakula, bali katika jiko lenyewe. Kila mara katika majira ya baridi, mwezi wa Juni na Julai, watu wa nyanda za juu hupenda kuingiza jiko ndani baada ya kupika, wakafunga mlango na dirisha ili wapate joto. Hudhani kwamba makaa yasiyotoa moshi hayadhuru. Kumbe makaa hayo mekundu, yenye kuonekana safi, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata mwili ukakosa pumzi ingawa kifua chapanda na kushuka. Mtu huanza kuumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, viungo humlegea; na aliyelala huenda asiamke. Akikutwa mtu katika hali hiyo, atolewe nje penye hewa mara moja, apelekwe hospitali. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Kuchoma kufanywe uani, na jiko libaki huko huko.

Makaa yanayobaki baada ya chakula kuiva yasipotee bure. Moto wake mpole watosha nanasi lililokatwa vipande vya unene wa kidole, au ndizi mbivu iliyoachwa ndani ya ganda lake mpaka ganda liwe jeusi. Sukari ya nanasi hugeuka rangi ya kahawia upesi, basi vipande vigeuzwe baada ya dakika mbili au tatu, wala mpishi asiende kuzungumza na jirani. Mwishoni makaa hufunikwa kwa mchanga au jivu mpaka yazimike kabisa. Yaliyosalia yakipoa huokotwa, nayo huwaka tena kesho yake.