SOMO: ELIYA CHINI YA MRETEMU

Maandiko ya kusoma: 1 Wafalme 19:1-18, Zaburi 88, Matendo ya Mitume 16:25-34

 

Somo hili tumeliandika kwa sababu ya neno ambalo tunalisikia mara kwa mara tunapotembelea nyumba hapa Nakivale: "Mchungaji, sina malaria, lakini mimi si mzima." Mwingine halali usiku. Mwingine akisikia bati limegongwa, moyo unaruka kama siku ile ya vita. Mwingine ameacha kwaya, ameacha shamba, anakaa tu nyuma ya nyumba. Na tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, wale waliokuwa wameanza kupona wamerudi nyuma, maana ndugu zao wako kule. Watu wanaulizana: Je, ni pepo? Ni dhambi? Imani yake imekwisha? Tufungue Biblia.

1. MTU WA IMANI ANAWEZA KUCHOKA NAFSI

Eliya hakuwa mchanga katika imani. Alijua pia maisha yetu. Katika 1 Wafalme 17 alijificha penye kijito cha Kerithi, kisha akaishi ugenini Sarepta, nchi ya Sidoni, akila nyumbani kwa mjane maskini. Katika sura ya 18 aliomba moto ukashuka Karmeli. Lakini sura ya 19 Yezebeli anatuma neno la kumuua, naye anakimbia mpaka Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu auchukue uhai wake.

Wapendwa, angalieni mambo matatu: ametishwa, amejitenga na watu, hataki kuishi tena. Haya tunayaona katika nyumba zetu. Na si Eliya peke yake. Yeremia alilaani siku aliyozaliwa (Yeremia 20:14-18). Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba huko Asia alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi (2 Wakorintho 1:8). Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika katika giza, bila neno la shukrani, na bado imewekwa katika kitabu cha sifa. Kwa hiyo mtu anayelia usiku kucha asiambiwe kwamba hana imani. Anayemlilia Mungu bado anamjua Mungu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopitiwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 ana ugonjwa fulani wa akili. Tukihesabu mabenchi ya kanisa letu, tutaona kwamba si watu wa mbali.

2. MUNGU ALIMTENDEA ELIYA NINI?

Kwanza, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akalala tena, akalishwa mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mahubiri hayakutangulia, usingizi na chakula vilitangulia.

Pili, Mungu alimwuliza habari zake. Pale Horebu alimwuliza mara mbili anafanya nini hapo, na mara zote mbili Eliya alijibu maneno yaleyale ya uchungu. Mungu hakusema, "Hayo umeshayasema." Mtu aliyeumia hurudia habari yake. Kumsikiliza mara ya pili ni huduma.

Tatu, Mungu alimpa kazi na mwenzake. Alimtuma kuwapaka mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha, akamjulisha kwamba wako 7,000 wasiompigia Baali goti. Eliya alidhani amebaki peke yake. Haikuwa kweli, lakini alihitaji kuambiwa.

3. HAPA SISI TULIKOSA

Tunaungama jambo mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kanisa letu, aliyeona mambo mazito njiani tulipokimbia, alianza kutembea usiku akisema peke yake. Chuo cha Biblia tulichosoma kilitufundisha kukemea, hatukujifunza kuuliza. Tulimzunguka siku tatu, tukamfungisha, tukapaza sauti. Siku ya tatu akaanguka. Tulishangilia kwamba amefunguliwa. Binti yake, mtoto mdogo tu, akaja na kikombe cha uji, akatuambia kwa heshima, "Baba mchungaji, mama hajalala wiki mbili, na chakula ananiachia mimi."

Malaika alimletea Eliya mkate. Sisi tulimnyima mama huyu uji, katika makazi ambamo mgao wa chakula tayari ni mdogo. Tulimwomba msamaha, tukaenda naye kituo cha afya. Alipewa dawa, na mama wa kanisa walikuwa wakilala kwake kwa zamu. Baada ya majuma kadhaa usingizi ulirudi. Bado ana siku mbaya, lakini amerudi shambani. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa kuandika haya bila jina.

4. MAOMBI NA DAWA

Hatusemi kwamba pepo hawako. Lakini Mathayo 4:24 inataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kila mmoja kwa jina lake. Basi tusiwaite wote jina moja. Isaya alimpelekea Hezekia neno la Mungu, na bado akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Luka, mwenzake Paulo, alikuwa tabibu.

Kwa hiyo tunawashauri hivi:
- Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kila kitu kukizidi wiki mbili, mwone mhudumu wa afya wa kijiji au nenda kituo cha afya.
- Kifafa kina dawa. Wengi wanaoitumia vizuri huacha kabisa kuanguka.
- Dawa nyingi za huzuni huchukua majuma kabla ya kusaidia. Usiache kunywa kwa sababu umeombewa au kwa sababu umejisikia vizuri. Ongea kwanza na mganga wa kituo.
- Mgonjwa asifungishwe, asifungwe kamba, asipigwe.
- Pombe huleta usingizi wa muda tu na huongeza huzuni.

5. MTU AKITAKA KUFA

Katika Matendo 16 askari wa gereza la Filipi alichomoa upanga ajiue. Paulo alikuwa na majeraha ya fimbo, tena ni mfungwa, lakini alipaza sauti kumzuia, akamjulisha kwamba wote wapo. Hakungoja asubuhi.

Nasi tufanye hivyo. Mwulize ndugu yako waziwazi kama anawaza kufa. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye sumu za shamba na vitu vya hatari. Mpeleke kituo cha afya siku ileile, na utuite sisi wachungaji hata usiku wa manane. Na wewe unayesoma haya ukiwa na wazo hilo, mwambie mtu mmoja leo. Sisi sote tungali hapa.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kusema naye?
2. Ni maneno gani tunayowaambia wenye huzuni yanayowaumiza zaidi?
3. Katika mtaa wetu, nani hajaonekana ibadani wiki tatu? Nani atakwenda kwake, na atabeba nini mkononi?

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyeketi na mtumishi wako jangwani, keti na waliochoka kati yetu. Utupe masikio kabla ya midomo. Katika jina la Yesu. Amina.