Niliyojifunza Katika Duka la Michezo ya Mezani

Ninaishi St. Paul, Minnesota, ambako baridi huwafungia watu ndani kwa miezi mingi. Aliyekulia Tanga, akazoea kutoka alasiri kwenda kukaa barazani, huku hukosa pa kwenda. Mimi nilipapata katika duka la mtaani kwetu linalouza michezo ya mezani: ya vibao, ya karata, ya dadu, na sanamu ndogo za wapiganaji ambazo mnunuzi huzipaka rangi mwenyewe. Nimekuwa mteja wao kwa miaka kadhaa, na nimeona mengi kuhusu kinachomrudisha mteja dukani.

1. Meza kabla ya rafu

Duka si kubwa, lakini karibu nusu ya nafasi yake ni meza na viti. Mwenye tamaa ya haraka angejaza bidhaa pale. Lakini mchezo uliofungwa ndani ya boksi haujielezi, na bei yake ni makumi ya dola. Nani atoe pesa hizo kwa kutazama picha ya juu tu? Kwa hiyo wametenga rafu ya michezo iliyokwisha kufunguliwa. Unachukua, unakaa, unacheza bure. Ukiupenda, unanunua ulio mpya. Usipoupenda, unarudisha na hakuna anayekununia.

2. Anayefundisha asikusomee kitabu chote

Mchezo wa kwanza kufundishwa pale ulikuwa Catan, uliotungwa na Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa fundi wa meno, ukatoka mwaka 1995. Dada wa kaunta alitupangia vigae vya pembe sita mezani: msitu, shamba la ngano, malisho ya kondoo, milima, udongo wa matofali. Juu ya vigae hivyo akaweka namba. Kisha akaelekeza kidole kwenye vidoti vilivyo chini ya namba hizo. "Vidoti vingi, mavuno mengi," akasema. Namba 6 na 8 zimeandikwa kwa wino mwekundu na zina vidoti vitano, kwa sababu ukirusha dadu mbili, kila moja ina njia tano za kutokea kati ya 36. Saba ina njia nyingi zaidi, yaani sita, ila saba haivunishi: huleta mnyang'anyi.

Hapo akanyamaza, akatuacha tuweke vijiji vyetu. Kanuni za biashara alizieleza pale jirani yangu alipoishiwa matofali, na za mnyang'anyi saba ilipoanguka. Kila kanuni ilikuja wakati wa kuhitajika, kwa hiyo haikusahaulika. Nimewaona wauzaji wengine wakimwaga kurasa zote kabla dadu haijarushwa, na wateja wakianza kuchungulia simu. Naamini kumfundisha mtu mchezo ni kazi ya ustadi, na duka linaloajiri mtu wa namna ile limewekeza vizuri kuliko linalobandika matangazo.

3. Ukweli huuza

Karata za Magic: The Gathering, alizobuni Richard Garfield na zikaanza kuuzwa mwaka 1993, huja katika pakiti zilizofungwa. Mnunuzi hajui amepata nini mpaka aichane. Siku moja kijana alikuwa akinunua pakiti moja baada ya nyingine akiwinda karata fulani. Mwenye duka akamwambia aache, akafungua kabati la kioo, akamuuzia karata ile ile peke yake kwa bei ndogo kuliko pesa alizokuwa tayari kutupa. Kijana yule mpaka leo haendi kwingine.

4. Mgeni apokewe kabla hajajitetea

Hili naliandika kwa uchungu. Katika duka jingine, mtaa mwingine, muuzaji alinifuata rafu hadi rafu bila kuniuliza ninatafuta nini, huku wengine wakiachwa watembee watakavyo. Mtu mweusi anaijua ile hali bila kuelezwa. Nilitoka, na sijarudi.

Michezo hii ina wenyewe wanaoipenda mno, hasa hapa. Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax, wa jimbo jirani la Wisconsin, pamoja na Dave Arneson, mtu wa huku huku St. Paul. Kwa watu wa hapa ni kama mali ya nyumbani, na mwenye nyumba akijisahau, mgeni hujiona amevamia. Dukani kwetu mwendesha mchezo humsogezea mgeni kiti, humpa mhusika aliyekwisha andaliwa na dadu za kuazima, halafu humuuliza jina lake. Sijaona gharama yoyote katika hilo.

5. Mteja naye ana cha kuleta

Niliposema kwamba kwetu tunacheza bao, mwenye duka aliniomba nije nalo. Alihamisha maboksi, akafuta meza kwa mkono wake. Nikapanga: mashimo 32, kete 10 kwa kila upande, sita zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Waliokusanyika ni watu wa karata, wepesi wa hesabu, lakini namua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, iliwatoa jasho. Walitaka kujua mapema kete ya mwisho itaangukia wapi, na kila wakila na kuanza tena kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu, hesabu inavurugika. Hawakukata tamaa. Walisimama nyuma ya wachezaji wakishauri kwa sauti, wengine wakibisha, kama inavyopaswa kuwa penye bao. Siku ile nilikuwa mwalimu, na tangu hapo duka lile nalitetea kama langu. Ndugu yangu alipotoka Zanzibar nilimwagiza bao jingine, sasa liko kwenye rafu ya michezo ya kuchezwa bure.

6. Bei

Mtandaoni mchezo ule ule huweza kuwa nafuu kwa dola kadhaa. Mimi hulipa ya dukani, kwa kuwa kodi, taa, joto na mshahara wa dada wa kaunta vinatoka humo. Mchezo usipokuwepo, wananiandikia jina kwenye daftari na kuniagizia.