Kalori za Mtandaoni na Chakula cha Kisii na Nyamira

Swali: Je, tovuti za kuhesabu kalori zinaaminika kwa matoke, ugali wa wimbi na mboga za kienyeji zinazoliwa Kisii na Nyamira?

Jibu: Zinafaa kwa makadirio tu. Nyingi huchanganya takwimu za maabara, hasa za Wizara ya Kilimo ya Marekani, na zile zinazoingizwa na watumiaji bila kuhakikiwa.

Kosa la kwanza hutokana na jina: anayetafuta ndizi huletewa ndizi mbivu, ilhali matoke hupikwa yakiwa mabichi, yenye wanga mwingi zaidi. La pili ni maji: gramu 100 za unga wa wimbi zina zaidi ya kalori 300, lakini uzito huohuo wa obokima, yaani ugali wa wimbi, una kalori chache zaidi, kwa kuwa unga umenywa maji. La tatu ni mafuta: kijiko kikubwa kimoja huongeza kalori 120 hivi, hivyo mboga ya kienyeji ya chinsaga iliyochemshwa si sawa na iliyokaangwa.

Rejea bora ni majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Kenya ya mwaka 2018, yaliyotolewa na serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO). Chakula kipimwe kwa mizani, na takwimu ilingane na hali yake: kibichi au kilichopikwa.